Kuloba Samaki Haiko Dawa, Ni Akili

Hapa Lubumbashi mutu akirudi na samaki mingi kutoka Lufira ao Luapula, majirani hawamuulizi alizipata namna gani. Wanasema: «Ule iko na dawa, haiko bure.» Kama ni kijana mwenye gari, wanasema ni fimbo yake ilitoka Johannesburg. Na kama hakuna dawa wala fimbo ya bei, basi ni bahati. Majibu hayo nimeyasikia tangu utoto, kwenye kituo cha mabasi, kwenye kilio, hata katika mikutano ya chama chetu. Jibu ambalo sijalisikia mara mingi ni hili: mutu huyu anajua kuloba, alifunzwa, na mwingine anaweza kufunzwa pia.

Tumekwisha kuandika juu ya ngoma, juu ya mali ya ndoa, juu ya kusimika machifu, juu ya mafumbo. Vizuri. Lakini nilipoomba nafasi ya kuandika juu ya ndobo, nilijibiwa kwa upole: «Andika juu ya dawa za wavuvi, ile njo asili. Ndobo ni muchezo wa batoto.» Sikubali. Ninasema kinyume: ndobo njo asili, na ile habari ya dawa, vile tunaipenda sisi watu wa muji, inatusaidia tu kutojifunza kitu.

Tuangalie kazi inayofanywa na neno «dawa». Mutu akishika samaki, ni dawa yake. Akikosa, ni dawa ya mwenzake. Kwa hiyo aliyeshika hana la kufundisha, na aliyekosa hana la kujiuliza: kama alikaa upande wa jua, kama ndobo yake ilikuwa butu, kama alifika saa ine ya asubuhi wakati samaki walikwisha kula. Anarudi nyumbani akitafuta adui. Nimeona ndugu wawili wa baba mumoja wakiacha kusemezana juu ya ndoo moja ya samaki. Hiyo utaiita utamaduni? Mimi naiita uvivu wa akili uliovaa nguo za bazee.

Na bazee wenyewe tunawasingizia. Muzee anayeondoka peke yake kabla ya jogoo, hasalimii mutu njiani, hataki kelele ndani ya mutumbwi, anakataa kusema anakwenda upande gani: sisi tunasema anaficha bwanga. Lakini pima kila jambo. Anaondoka mapema kwa sababu samaki wala-samaki huwinda wakati mwanga ni mudogo. Anaficha mahali kwa sababu penye samaki kumi hapatoshi watu makumi mawili. Kelele pia, ingawa hapo watu huchanganya: sauti ya mudomo haiingii sana ndani ya maji, unaweza kuongea na mwenzako polepole. Kinachofukuza samaki ni kugonga mutumbwi, kuangusha kasia, kukanyaga kwa nguvu pa ukingo, maana samaki ana mustari ubavuni, kutoka kichwa hadi mukia, ambao unasikia kila mutikisiko wa maji. Muzee hakusoma habari ya mustari ule. Alijua tu kwamba ukigonga, umekwisha.

Sisemi kwamba miiko yote ilikuwa ya bure. Tuko na hadisi ya Nachituti, inayojulikana pande zote mbili za Luapula. Nkuba, chifu wa Bashila, alimuua mutoto wa dada yake Nachituti. Mama akaenda kulia kwa Mwata Kazembe. Kazembe akatuma watu, Nkuba akauawa. Naye Nachituti akamupa Kazembe kitunga cha udongo na chungu cha maji. Udongo ulikuwa inchi, maji yalikuwa ziwa na mito. Angalieni vizuri: maji yalikuwa na mwenyewe. Kulikuwa watu wenye haki ya kusema vidimbwi hivi vifunguliwe leo, vile vingojee. Mutu anaweza kuiita heshima kwa mizimu. Kwa samaki ilikuwa wakati wa kuzaa. Upande wa Zambia, serikali inafunga uvuvi wa Mweru na Luapula tangu mwanzo wa Desemba mupaka mwisho wa Februari, na watu wanaona ni neno la wazungu. Kufunga maji si jambo geni kwetu.

Lakini nisiwasifu bazee kupita kiasi. Buba pia ilikuwa ya asili: majani yanapondwa, yanatiwa mu kidimbwi, samaki wakubwa kwa wadogo wanaelea pamoja. Asiseme mutu kwamba kila cha zamani ni kizuri.

Sasa kuloba kwenyewe. Kwanza ni kujua unataka nani, maana kusema «ninakwenda kuloba samaki» ni kama kusema ninakwenda kuwinda nyama. Pale, yule tilapia wa Luapula na Moero, ana kinywa kidogo na anadonoa. Kwake unatumia ndobo ndogo, bukari iliyokandwa ngumu ao munyoo, kamba nyembamba, na bushoni nyepesi. Bushoni ikitetemeka usivute. Anaonja. Ngoja ianze kutembea kwa upande, hapo umevuta kidogo tu, kwa kifundo cha mukono. Watu wa muji huvuta kwa bega zima na kungoa ndobo pamoja na mudomo wa samaki.

Makobo ni mutu mwingine kabisa. Kinywa chake ni kikubwa, anakula samaki wadogo, na hafukuzi mbali. Anajibanza: pa ukingo wa majani, chini ya kivuli cha muti ulioanguka, pale maji mafupi yanapoanza kuwa marefu. Anangoja kitu kipite mbele yake, anafungua kinywa kwa ghafula, na maji yanaingia pamoja na mawindo. Kwa makobo, bukari haina maana. Anataka kitu kinachotembea: samaki mudogo muzima aliyetungwa mugongoni, ao kipande cha bati kinachong'aa na kuyumba kikivutwa. Ukitupa katikati ya mayi matupu unapoteza siku. Tupa karibu na majani kiasi cha kuogopa kunasa, vuta, simamisha, vuta tena. Mara mingi anashika wakati umesimamisha, kwa sababu kitu kinachosimama kinaonekana kimechoka.

Manda anakata kamba, ana meno ya kisu. Bila kipande cha waya mbele ya ndobo umemulisha bure. Tena mudomo wake ni mufupa mutupu: ndobo butu inateleza. Nimeona watu wenye mulinete ya bei kubwa ambao hawajawahi kunoa ndobo hata siku moja. Ijaribu ku ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, inoe, ikikwama, iko tayari. Kambale naye haangalii, ananusa. Anatafutwa chini kabisa, usiku, ao wakati maji yamechafuka, kwa matumbo ya kuku, hata kwa kipande cha sabuni. Na mupumbu, hapa ninawaudhi wenye kujisifu, si samaki wa ndobo. Ukimusikia mutu anasema alishika mupumbu wengi kwa ndobo, mutazame vizuri.

Kisha kuna majira, na hapa njo ambapo vitabu vya wageni havitusaidii sana. Sisi tuko juu, karibu metre 1.200, na mwezi wa Juni usiku wa hapa unauma. Damu ya samaki inafuata baridi ya maji. Katika Juni na Julai anasaga chakula polepole, hana haja ya kukimbia, anashuka kwenye maji marefu. Yule anayeamka saa kumi ya usiku mwezi wa Juni kwa sababu «samaki inakula asubuhi» anatetemeka bure. Afadhali aende jua likiwa juu, wakati maji ya ukingo yamepata moto kidogo, na achambue chambo polepole, polepole tena. Mwezi wa Oktoba ni kinyume: katikati ya siku hakuna kitu, alfajiri na jioni njo saa. Mvua ya kwanza inaleta nswa, na nswa wakianguka ku mayi kila samaki anapanda juu. Baada ya hapo mito inafurika, samaki wanatawanyika mu majani ya bonde, na mwenye ndobo anapumzika ao anatafuta mahali maji yanaporudi mutoni.

Yote hayo hayana siri. Yanahitaji macho na miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alichunguza namna tilapia wanavyozaa katika ziwa la Lufira, lile tunaloita Tshangalele, lililotokea baada ya barrage ya Mwadingusha kujengwa karibu na 1930. Alifanya nini? Aliangalia. Pale dume anachimba kiota chake pa maji mafupi. Jike anaweka mayai, anayachukua mudomoni, anayalea humo mupaka watoto wanaweza kuogelea. Ndugu yake, tilapia yule mula-majani, habebi mudomoni. Anachimba mashimo na kulinda. Makobo pia jike anabeba mudomoni. Wavuvi walijua hayo mbele ya Ruwet, lakini kazi yake imeandikwa na ya wavuvi haikuandikwa. Mbelgiji hana kosa hapo. Kosa ni letu, sisi tuliosoma, tunaojua kuandika, na tunaona haya kuandika juu ya minyoo na bushoni.

Nije kwa wenye fimbo za Johannesburg. Sina wivu nazo. Mulinete inatupa mbali, inalegeza kamba wakati samaki mukubwa anavuta, ni chombo kizuri. Ninachokataa ni imani kwamba chombo kinaloba. Kuna samaki ambaye Wamarekani wanamupenda kuliko wote, wanamuita black bass, kinywa kikubwa, anajibanza pa majani, tabia kama ya makobo wetu ingawa si wa ukoo mumoja. Alipelekwa Afrika Kusini mwaka wa 1928, na huko ndiko vijana wetu waliona ile michezo, mashua zenye moteri, sanduku limejaa samaki wa plastiki wa rangi zote. Vema. Sasa ulizeni ni nani alishika yule mukubwa kuliko wote. Ni George Perry, kijana mukulima wa Georgia, tarehe 2 Juni 1932, wakati wa shida kubwa ya uchumi. Mvua ilikuwa imelowesha mashamba, hakuweza kulima, akaenda kuloba na rafiki yake katika mutumbwi wa mbao, na inaelezwa kwamba wote wawili walitumia fimbo moja tu. Samaki alikuwa na kilo kumi na zaidi kidogo. Walimupeleka nyumbani wakamukula. Miaka 77 ilipita. Mwaka wa 2009 Manabu Kurita, Mujapani, alishika mwenye uzito karibu sawasawa katika ziwa Biwa, ikaandikwa kwamba wamelingana. Kwa hiyo viwanda vyote vya fimbo, vya mashua na vya samaki wa plastiki, kwa karibu miaka themanini, havikumupita mukulima mumoja aliyejua maji ya kwao. Ndugu yangu wa mulinete, soma hapo mara mbili kabla ya kwenda tena kununua.

Najua jibu la wengine, na ni jibu lenye uzito: «Weye unacheza na ndobo, batu beko na njaa.» Muji wa zaidi ya watu milioni mbili haulishwi na ndobo, ni kweli. Unalishwa na nyavu za Kasenga na za Pweto, na malori ya samaki wa frigo wanaotoka mupaka bahari ya Namibia. Sijamwambia mutu wa Kasenga atupe wavu wake. Lakini wavu usio na ujuzi wa samaki tunajua unafika wapi, kwa sababu ulikwisha kufika. Mupumbu alikuwa mali ya Luapula. Mwanzo wa mvua walipanda muto kwa makundi kwenda kuzaa, na watu walingoja siku hizo kama sikukuu. Elisabethville ilipokua na migodi ikahitaji chakula cha wafanyakazi, wafanyabiashara Wagriki wa Kasenga wakapanga barafu na malori, na nyavu zikawekwa pale pale njiani, wakati samaki amejaa mayai. Katika miaka ya 1940 walitolewa kwa wingi wa ajabu. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa mupumbu ulikuwa umeanguka, na haukusimama tena vile ulivyokuwa. Hakuna aliyeroga. Wanaume wenye hesabu nzuri ya pesa walivua mama na watoto kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka.

Leo tunafanya tena kwa chandarua. Chandarua cha mbu kilitolewa bure ili mutoto asife na malaria. Kinashonwa na kingine, kinakokotwa pa ukingo, mahali pale pale ambapo pale na makobo wanaleta watoto wao. Tundu zake zinazuia mbu. Fikirieni ukubwa wa samaki anayeweza kuponyoka. Wengine wanatumpula, wanapiga maji kwa fimbo na kusukuma samaki wenye mayai mudomoni ndani ya nyavu. Jike akiogopa anatema watoto, na wakitemwa mu makelele yale hawaponi. Mutu aliyekwisha kuloba kwa ndobo miaka mingi hafanyi hivyo kwa urahisi, si kwa sababu ni mutakatifu, ila kwa sababu ameona kiota, ameona jike na mashavu yamevimba, anajua anachoua. Aliyezaliwa mu nyavu ya mustikere hajaona kitu, anaona kilo tu. Hapa njo ninapoweka mukazo wangu wote. Ndobo haitashibisha muji, lakini wanaojua samaki hutoka ku ndobo, na bila wao hata sheria ya kufunga maji inabaki karatasi ya polisi wa kukamata hongo.

Na jambo la majina. Muulize mutoto wa Kenya ao wa Katuba majina ya samaki. Atasema tilapia, atasema ndakala, atasema «samaki ya frigo». Pale, makobo, manda, mupumbu, hana. Asiye na jina la makobo hawezi kujua kwamba makobo anakula wenzake, hawezi kujua pa kumutafuta. Tunalia kwamba watoto hawajui methali za Kibemba ao za Kiluba. Hii nayo ni lugha inayokufa, tena inakufa na chakula ndani yake. Mama zetu walioshika samaki kwa vitunga katika vidimbwi vya kiangazi, wakiongozana, wanajua majina ambayo wanaume hawajui, hasa ya wale wadogo. Nani amekwenda kuwauliza? Katika chama chetu, ninavyojua, hakuna.

Mutu mumoja aliniambia kwamba ujuzi huu ni wa kijijini, na sisi ni watu wa muji. Kipopo ni wapi? Ni hapa karibu, na katika vidimbwi vya Kipopo njo walifanyia majaribio ya kufuga tilapia wakati wa ukoloni, samaki wa Katanga wakapelekwa inchi zingine za Afrika. Muji huu umekula samaki wa Luapula tangu ulipoanza, 1910. Tena ni muji unaohitaji kujua kuliko kijiji: mwaka wa 2010 watafiti, pamoja na wa chuo kikuu chetu, waliandika kwamba madini ya kazi za migodi yameingia katika bonde la Lufira ya juu, mupaka ndani ya samaki wa Tshangalele. Mutu anayeloba bila kujua maji yanapitia wapi kabla ya kufika kwenye ndobo yake anapelekea watoto wake kitu gani?

Ninaomba chama kifanye hivi, na ninaomba wazi ili nijibiwe wazi. Kitabu chetu kinachofuata kiwe na kurasa kumi za samaki: jina kwa Kibemba, kwa Kiluba, kwa Kiswahili chetu, anakula nini, anazaa mwezi gani, anashikwa saa gani na kwa chambo gani, na jina la muzee ao la mama aliyetueleza, akikubali. Habari za bwanga ziwekwe pia, mwisho, katika ukurasa wao, kama watu wanavyozisema. Shule ziache kumupeleka mutoto ku Musée kuona mutego umefungwa ukutani bila mutu wa kumuonyesha unavyotegwa.

Na kwa yule anayetaka kuanza bila kungoja kitabu: mwezi wa Septemba maji ya mito ni meupe, mvua haijafika. Nenda mbele ya jua kutoka, kaa pa ukingo penye muchanga na majani, kivuli chako kisianguke mu mayi. Siku ya kwanza usichukue ndobo. Utaona mahali pamechimbwa duara, na dume mumoja anazunguka hapo anafukuza wengine. Na pembeni kidogo, chini ya majani, ukingoja sana, kitu kirefu cha kinywa kikubwa kimesimama hakitikisiki.